Dau Likipanda Bara

Dau la mbao lililoletwa Dodoma kwa lori na kulazwa juu ya magogo tangu Mei, ukilichungulia kwa ndani mwezi wa Oktoba utaona jua. Mbao zilizobanana vizuri siku lilipotoka majini zimeachana. Mahali pengine njiti ya kiberiti inapita kwenye kiungo bila kugusa upande wowote, na pamba ya zamani imetoka nje inaning'inia. Mwenye dau, aliyelipata kwa bei ya kutupa, hapo ndipo huanza kuhesabu hasara. Wa kwanza kumfariji huwa jirani mwenye saruji iliyobaki mfukoni, au kopo la gundi ya mafundi wa magari: ziba tu, kazi kwisha.

Asizibe kwanza. Nyufa zile kwa sehemu kubwa hazitokani na uzee wala ufundi mbovu. Ni hewa ya Dodoma iliyoingia kwenye mbao na kutoka na maji yake.

Huenda msomaji wa pwani akauliza mtu wa Dodoma ana haja gani na dau. Aende Mtera. Bwawa lile, lililojengwa katika miaka ya 1970 kwenye mto Ruaha Mkuu ili kulinda maji ya mitambo ya Kidatu, liko mpakani mwa Dodoma na Iringa, na likijaa hutandaa kwenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 600. Barabara ya Dodoma kwenda Iringa inapita pale pale. Kuna perege, kuna kambale, na kuna upepo wa mchana ambao abiria wa mabasi wanaoshuka kununua samaki wanaufahamu kwa namna unavyowapeperushia kofia. Kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma kuna bwawa la Hombolo, magharibi kuna maji ya Bahi yanayokuja na kuondoka na mvua, na Singida mjini kuna Singidani na Kindai. Uwanda wa kati ni mkavu, lakini wenye vyombo hawakosi pa kuvishusha.

Turudi kwenye mbao. Mti unapokatwa huwa na maji ya namna mbili. Ya kwanza yamo ndani ya vijumba vya seli, yakiwa huru. Hayo hutoka upesi, na yakitoka ubao unapungua uzito lakini upana wake haubadiliki. Ya pili yameshikamana na kuta za seli zenyewe, katikati ya nyuzi za selulosi. Ubao uliobakiwa na maji hayo ya pili tu huwa na unyevu wa asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu. Ukishuka chini ya hapo, kuta za seli zinasogeleana na ubao unaanza kunywea. Hakuna rangi wala mafuta yanayouzuia kabisa, labda kuuchelewesha.

Unywee mpaka wapi? Mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Katika hewa ya pwani ubao wa kivulini hutulia kwenye unyevu wa asilimia 15 hivi. Dodoma, mji ulio mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ambao mvua yake ya mwaka, milimita 500 hadi 600, karibu yote huanguka kati ya Disemba na Aprili, ubao huo huo unashuka mpaka 10 au chini yake kabla kiangazi hakijaisha. Sasa chukua ubao wa ubavuni wenye upana wa sentimita 20, wa mti unaonywea asilimia 6 kutoka kuloa kabisa hadi kukauka kabisa. Ukitoka unyevu wa 30 ukafika 10, umemaliza theluthi mbili za safari hiyo, yaani umenywea asilimia 4. Hizo ni milimita 8 kwa ubao mmoja. Ubao uliopasuliwa kufuata miale ya gogo, kutoka kiini kwenda ganda, hunywea karibu nusu ya huo. Kwa urefu, karibu hakuna kinachobadilika: dau la mita sita linabaki la mita sita. Ndiyo maana nyufa zote zinalala kwa urefu, kutoka omo hadi tezi, na dau lililokauka huonekana kama limefunguka ubavu mzima kwa pamoja.

Miti nayo hailingani. Mninga, ambao mafundi wa samani wa Tabora na Dodoma wanaupenda, umesifika kwa kunywea kidogo mno, na anayepata dau la mninga ashukuru. Kwa mbao za bei ya chini, ambazo ndizo nyingi kwenye vyombo vya kuuzwa tena, hesabu ya milimita 8 si ya kutisha watu bure.

Jirani wa saruji anakosea kwenye kurudi kwa maji. Ubao uliokauka ukiloa unapanuka, na nguvu yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Katika machimbo ya mawe ya zamani mafundi walipasua miamba kwa kabari za mbao kavu walizozimwagia maji. Ufa uliojazwa saruji au gundi ngumu wakati wa ukavu hauna pa kubonyea. Mbao zikivimba zinasukumana, na kwa kuwa zimepigiliwa kwenye mataruma, kitu fulani lazima kiachie: vichwa vya misumari vinazama ndani ya mbao, taruma linapasuka, au ubao unachomoka kwenye fashini. Pengine havivunjiki hivyo, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu halionekani. Kingo za mbao zinajisaga zenyewe, seli zinabonyea na hazirudi. Mwaka unaofuata dau likipandishwa tena juu ya magogo, nyufa zinatokea pana kuliko za mwanzo, na mwenye dau anaongeza saruji. Nadhani vyombo vingi vinavyosemwa vimezeeka vimeuawa hivyo, kwa kuzibwa mno na kwa kuzibwa mapema.

Kinachotakiwa ni kulinywesha dau maji kabla ya kulitibu. Magunia yaliyoloweshwa yatandikwe ndani na nje, kivulini, yaongezewe maji asubuhi na jioni. Kujaza dau maji mpaka juu ni hatari likiwa nchi kavu: mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa tani moja, na chombo kilichoundwa kubanwa na maji kutoka nje hakikuundwa kubeba tani hiyo kutoka ndani kikiwa kimeegemea magogo matatu. Maji ya kimo cha kiganja kwenye ngama yanatosha. Nyufa ziwekewe alama za penseli na kupimwa kwa kisu kile kile kila siku. Siku za kwanza hakuna kinachoonekana. Kisha ule uliomeza njiti ya kiberiti unakataa njiti, halafu unakataa kisu. Ufa unaojifunga hivyo ulikuwa wa ukavu tu, na haudai chochote. Unaogoma baada ya siku kadhaa, wakati wenzake wote wamefunga, ndio wa fundi.

Kwa huo ipo kalafati. Kiungo kilichotengenezwa vizuri kina umbo la kabari: mbao zinagusana kwa ndani na kuachana kidogo kwa nje. Fundi anasokota pamba iwe uzi mnene kidogo kuliko ufa, anaichovya mafuta, anaipiga kwa patasi butu na nyundo nyepesi, kwa mikunjo midogo, mpaka ikae chini ya uso wa ubao. Pamba nayo ni selulosi: inakunywa maji na kuvimba pamoja na mbao, lakini inakubali kubonyezwa. Sauti ya nyundo inabadilika pamba inaposhika, na fundi mzoefu anaacha hapo hapo. Akiendelea kupiga anatenganisha mbao upande wa ndani, na kiungo kinakuwa kabari ya kulifungua dau. Juu ya pamba hupakwa kitu laini kisichokauka kikawa jiwe. Mafundi wa pwani walikuwa na mafuta ya sifa kwa mbao na deheni, yaani shahamu na chokaa, kwa chini ya chombo. Vyote vinabaki laini kiasi cha kufuata mbao zinaponywea na kupanuka.

Si mara ya kwanza chombo cha tanga kupita uwanda huu kikiwa nchi kavu. Novemba 1874 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo na wapagazi waliobeba mashua iliyokatwa vipande, Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa mbao nyembamba za mwerezi. Ilikuwa na urefu wa futi 40, na unene wa ubao wake haukufika sentimita moja. Vipande vilipofika Zanzibar vilionekana vizito kupita kiasi kwa mabega ya watu kwenye njia za bara, ikabidi vipunguzwe. Vikapita Mpwapwa Disemba, vikavuka Ugogo, na mwanzoni mwa Machi 1875 vikaungwa tena Kagehyi, kusini mwa ziwa Victoria, mashua ikashushwa majini na kulizunguka ziwa. Ukiutazama mpangilio ule kwa jicho la fundi unaona bahati: msafara ulikatisha Ugogo mvua zikinyesha. Mvua zile zile ziliwatesa wapagazi kwenye matope na kambi za njaa, lakini ubao mwembamba kiasi hicho, ambao hukauka upesi kuliko mnene, haukupata kiangazi cha kuuchoma. Laiti wangepita Septemba, fundi wa Kagehyi angekuwa na kazi nyingine kabisa.

Chombo kikubwa kuliko vyote vilivyopita Dodoma hakikuogopa ukavu, maana kilikuwa cha chuma. Ni meli ya Wajerumani Graf von Götzen, iliyosafirishwa kwa masanduku kwa njia ya Reli ya Kati na kushushwa Kigoma mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Chuma huliwa na kutu kikipata maji na oksijeni kwa pamoja. Grisi ilivizuia vyote viwili. Mnunuzi wa dau kuukuu ana somo dogo hapo kuhusu bolti za usukani na za mkuku: kabla ya kurudishwa zipakwe grisi, zisipakwe rangi peke yake.

Misumari ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko mbao. Dau lililotoka baharini lina chumvi ndani ya ubao, na chumvi hubaki hata maji yakikauka. Likiloweshwa tena, umeme mdogo huanza kutembea kati ya madini tofauti, hasa pale fundi fulani aliporekebisha kwa misumari ya chuma karibu na ya shaba. Chuma kinaliwa, na kuizunguka shaba kemikali ya magadi inayozaliwa pale inailegeza mbao. Ukiona ubao mwororo, wenye nyuzinyuzi, kuuzunguka msumari ambao wenyewe ni mzima, ni hilo. Kuongeza msumari wa tatu katikati hakusaidii. Na anayepeleka chombo Singidani, kwenye maji ya chumvi na magadi, asitegemee nafuu ya maji baridi ya Mtera.

Ukavu una upande wake mzuri, nao haupewi haki yake. Kuvu wanaoozesha mbao hawasitawi kwenye unyevu wa chini ya asilimia 20, kwa hiyo kiangazi cha Dodoma huwasimamisha. Yule mtoboaji wa baharini aitwaye Teredo, ambaye watu humwona mnyoo ingawa ni wa jamii ya chaza, hawezi kuishi nje ya maji ya chumvi. Kwa ajili yake watu wa pwani walilaza vyombo na kuvichoma chini kwa moto wa makuti. Huku bara anakufa bila moto. Matundu yake hata hivyo yanabaki, na tundu dogo kama la sindano kwa nje linaweza kuwa mlango wa njia pana kama kidole kwa ndani. Gonga ubao kwa mpini wa nyundo, usikilize. Adui wa bara ni mwingine: mchwa. Magogo ya kulazia dau yakaguliwe kwa chini, palipo giza, maana mchwa hupanda kwa njia za udongo na hula ndani, wakiacha rangi ikiwa safi.

Tanga sitalisemea sana. Jua la uwanda wa juu lina mionzi mikali zaidi, karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na kinachotangulia kuoza ni uzi wa mishono, kwa kuwa umekaa juu ya kitambaa. Ushike mshono kwa vidole gumba viwili na kuuvuta. Ukikatika, tanga zima lishonwe upya hata kama nguo yake bado ngumu.

Watu wakishusha dau la pwani kwenye maji baridi huulizana kama litazama zaidi. Litazama, lakini kidogo sana: maji ya bahari ni mazito kwa asilimia 2.5 hivi, na dau la tani moja lenye umbo la kawaida litashuka kwa milimita chache. Uzito wa kuhesabu ni wa maji yanayoingia kwenye mbao zenyewe. Dau la kilo 400 likiwa na unyevu wa asilimia 10, mbao zake zote zikifika 30, litakuwa limeongeza kilo 70 hivi, sawa na abiria mmoja mzima ambaye hakulipa nauli na hashuki.

Siku ya kulishusha Mtera, itazamwe ramani ya maji kabla ya kalenda. Bwawa hilo hujaa kwenye kimo cha mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na mitambo inaruhusiwa kulishusha hadi 690. Kwa kuwa ardhi yake ni tambarare, kila mita inayoshuka hurudisha ukingo nyuma sana, na miti iliyofunikwa na maji bwawa lilipojazwa inatokeza vichwa. Mwishoni mwa kiangazi visiki hivyo vinakuwa kimo kimoja na mkuku. Maji ya Ruaha yakishaanza kupanda, baada ya mwaka mpya, vinazama mbali zaidi chini ya dau. Kwa usiku wa kwanza lifungwe mahali pa kina cha magoti, likiwa tupu, na mtu alale karibu nalo na kopo la kukumbia maji. Litavuja, na alfajiri atatazama ni wapi bado linavuja.