Mgeni Aliyekula Chumvi Yetu



Parokia nyingi nchini zina urafiki na parokia au shule za ng'ambo. Tunda mojawapo la urafiki huo ni wanafunzi wageni wanaokuja kuishi katika familia zetu kwa wiki au miezi kadhaa. Kwa nini udugu mwingine wa namna hii hufa mgeni anapopanda ndege, na mwingine hudumu miaka na miaka?

Katika somo la falsafa tunajifunza maadili ya Aristotle. Yeye hutaja aina tatu za urafiki: wa manufaa, wa raha, na wa wema, ambapo mtu humtakia mwenzake mema kwa ajili ya huyo mwenzake. Nilishtuka kuona kwamba urafiki wa mwenyeji na mgeni anauweka pamoja na ule wa manufaa, ambao huisha manufaa yakiisha. Hata hivyo, anakumbusha pia kwamba watu hawajuani kabla ya kula chumvi pamoja, yaani bila kupewa muda. Basi mgeni anaweza kuvuka kutoka urafiki wa kwanza hadi wa tatu. Anavukaje?

Tumtazame Wangari Maathai wa Kenya. Mwaka 1960 alikwenda Marekani pamoja na mamia ya vijana wa Afrika Mashariki, katika mpango ulioanzishwa na Tom Mboya na wenzake na kusaidiwa na mfuko wa familia ya Kennedy. Njiani kuelekea Kansas, basi lilisimama katika jimbo la Indiana. Yeye na wenzake waliingia mkahawani kununua soda, wakaambiwa wakanywee nje kwa sababu ni weusi. Lakini huko Atchison, katika chuo cha Mount St. Scholastica, masista Wabenediktini walimpokea. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 53, inaagiza kila mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Alisoma biolojia hapo hadi mwaka 1964. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, na katika kitabu chake Unbowed, kilichotoka mwaka 2006, bado anawakumbuka masista na rafiki zake wa Kansas kwa shukrani. Nchi ileile iliyomnyima kiti ilimpa pia nyumba. Tofauti ililetwa na watu waliokubali kuishi naye.

Nyumbani kwetu Busi, wilayani Kondoa, tuliwahi kumpokea mwanafunzi kutoka Ujerumani. Wiki ya kwanza tulimfanya malkia. Tulimchinjia kuku, tukamnunulia maji ya chupa, tukampa kiti cha pekee chenye mto. Mama alimnyang'anya hata ufagio. Siku moja tukamkuta analia nyuma ya nyumba. Aliuliza, "Nimewakosea nini? Mbona hamtaki niwasaidie?" Bibi yangu akacheka, akamletea ungo, akamfundisha kupeta mtama. Nusu ya mtama ilimwagika, kuku wakafurahi. Majirani zetu Waislamu walikuja kumtazama wakabaki kumfundisha salamu za Kirangi. Tangu siku hiyo alikula mlenda nasi, na akawa anatumwa dukani kama sisi. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani methali hii ni ya kumchoka mgeni. Mimi naona ndiyo inayomgeuza kuwa mwana wa nyumba.

Lakini nikiri kosa langu. Alipoondoka, majirani waliuliza, "Amewaachia nini?" Swali hilo likanikaa kichwani. Miezi michache baadaye nilimwandikia nikimwomba simu. Hakujibu. Ukimya ukawa mrefu, na bibi alipojua sababu alinikemea: "Kumbe hukumkaribisha mgeni, mjukuu wangu. Ulitega mtego." Niliandika tena kuomba radhi. Jibu lilikuja siku ileile: yeye alikuwa akifanya kazi jioni ili kulipia masomo, hakuwa na fedha, na aliona haya kuniambia. Wote wawili tulikuwa maskini, na kila mmoja alidhani mwenzake anamhesabia.

Bibi alipofariki, miaka sita baadaye, yeye ndiye wa kwanza kupiga simu kutoka nje ya nchi. Alilia kama sisi tulivyolia. Akaniuliza ungo ule uko kwa nani.

Familia inayojiandaa kupokea mwanafunzi mgeni, hasa kupitia parokia, izingatie mambo matatu. Kwanza, mheshimu siku za mwanzo, kisha mpe kazi anayoiweza. Pili, mwachie naye afundishe, maana mwenye kupokea tu hujiona mzigo. Tatu, msimwombe mali. Akitaka kusaidia jambo la parokia, apitie kwa paroko, wazi, bila kushinikizwa. Na akirudi kwao, mkumbukeni kwa salamu za Krismasi na Pasaka hata kama hamna shida yoyote. Hasa kama hamna shida yoyote.

Bwana wetu alisema kwamba anayempokea mgeni amempokea Yeye. Hakutuambia tumuulize alichobeba.