Mwalimu Aliyeiokoa Ngome ya Mbao

Nilipobahatika kuzuru mji wa Matsumoto, nchini Japani, nilikuwa na dhamira moja: kuiona kwa macho yangu ngome ya mbao iliyosimama kwa zaidi ya karne nne. Kutoka Tokyo nilisafiri kwa garimoshi muda wa saa mbili na nusu hivi, hadi bonde lililozungukwa na milima mirefu. Hapo, juu ya handaki la maji, niliuona mnara mkuu wa ngome, mweusi kama kunguru. Hakika baadhi ya watu huiita Ngome ya Kunguru.

Mlangoni tuliamriwa kuvua viatu na kuvibeba mkononi. Kwa nje, mnara huu una mapaa matano. Kwa ndani, una orofa sita. Orofa ya tatu haina madirisha, na adui aliyekuwa nje asingeweza kujua kwamba ipo. Nguzo zake zingali na alama za tezo za mafundi. Ngazi ni za mwinamo mkali mno, nami nilizipanda kwa mikono na miguu kama mtoto anayetambaa. Kutani mna matundu ya kufyatulia mishale na risasi.

Matundu hayo yalinikumbusha nyumbani. Bunduki ziliingia Japani mwaka wa 1543 kupitia kwa Wareno. Wareno hao hao walianza kujenga Fort Jesus mjini Mombasa mwaka wa 1593, wakati ule ule ambapo ukoo wa Ishikawa ulikuwa ukijenga mnara huu. Ngome moja ni ya mawe ya matumbawe, nyingine ni ya mbao. Lakini zote ni za enzi moja ya baruti.

Msomaji atauliza: mbao zimewezaje kudumu miaka yote hiyo? Jibu ni kwamba hazikudumu zenyewe. Baada ya utawala wa makabaila kuanguka, serikali mpya iliziona ngome kuwa masalio yasiyo na faida. Mwaka wa 1872 mnara wa Matsumoto ulipigwa mnada ili ubomolewe. Mwenyeji mmoja, Ichikawa Ryozo, aliomba apewe muda, akafanya maonyesho ndani ya mnara wenyewe, na kwa fedha zilizopatikana akaukomboa.

Hata hivyo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Miaka ilivyosonga, mnara ulianza kuinama. Wenyeji walisimulia kwamba ni laana ya Tada Kasuke, mkulima aliyewaongoza wenzake mwaka wa 1686 kudai kupunguziwa kodi ya mpunga, akauawa. Eti alipokuwa akifa aliikazia ngome macho, nayo ikainama. Ukweli ni kwamba magogo yaliyofukiwa ndani ya msingi wa mawe kuuhimili mnara yalikuwa yameoza. Lakini sikuicheka hadithi hiyo. Wanyonge walikataa kusahau mpunga wa nani ulioilisha ngome ile.

Aliyejitokeza kuuinua mnara hakuwa tajiri wala jemadari, bali mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya mji huo, Kobayashi Unari. Mwaka wa 1901 alianzisha chama cha kuuhifadhi, akachangisha fedha. Ukarabati ulianza mwaka wa 1903 na kumalizika mwaka wa 1913. Leo, katika Japani nzima, ni minara mikuu 12 tu ya asili iliyosalia. Mingine ilibomolewa, au ikateketea kwa moto na kwa mabomu ya mwaka wa 1945. Baadhi, kama ule wa Nagoya, ilijengwa upya kwa saruji.

Nilipofika orofa ya juu, nikitweta, nilijiwa na haya. Mara nyingi nimewapeleka wanafunzi wangu Fort Jesus. Nimewaeleza ni nani aliyeijenga na ni nani aliyeiteka. Nimewaambia kwamba wakoloni Waingereza waliigeuza jela. Lakini sijapata kuwauliza swali hili: ni nani aliyeitunza hata ninyi mkaikuta? Somo letu la historia huwasifu wajenzi na watekaji, likawasahau watunzaji.

Walimu wenzangu, si lazima tungojee ngome. Katika kila kijiji pana msikiti mkongwe, kanisa la kwanza, kaburi la shujaa au darasa la udongo walimosoma babu zetu. Wapeni wanafunzi daftari, waende wakamuulize mzee anayefagia pale, wayaandike maneno yake. Nanyi wanafunzi, msingoje kutumwa. Kobayashi hakutumwa na mtu. Aliuona mnara ukiinama, akakataa kuuacha uanguke.

Nilishuka zile ngazi polepole, viatu mkononi. Nikirudi Kenya, swali langu la kwanza darasani litakuwa lile nililolisahau miaka yote.