Hatari za Kuvua Usiku Ziwani

Usiku usio na mwezi, mtu akisimama pwani ya Lusenda huona taa nyingi juu ya Ziwa Tanganika. Ni taa za wavuvi. Ndagala hufuata mwangaza, nao wavuvi huwainua kwa wavu.

Ziwa hili lina urefu wa kilometa 670 hivi. Wakati wa kiangazi upepo hutoka kusini, nao ukiwa na njia ndefu hivyo, mawimbi hukua sana. Wakati wa mvua dhoruba hushuka milimani kwa ghafula. Mtumbwi uliojaa samaki huelea chini. Wimbi moja huujaza, la pili huupindua.

Aliyeanguka huona taa za kijiji, akadhani ni karibu. Kumbe taa ya usiku hudanganya macho! Huogelea, huchoka, huzama. Mwenye akili hushika mtumbwi wake. Mbao huelea hata zikilowa, tena wenzake watauona mtumbwi upesi kuliko kichwa cha mtu.

Katika nchi ya Kanada maziwa huganda, na wavuvi hutembea juu ya barafu. Ikivunjika, maji yale hulegeza mikono kwa dakika chache. Maji ya Tanganika yana joto la digrii 25 hivi. Lakini mwili una 37, basi nayo huunyang'anya joto, polepole. Kwa hiyo aliyepinduka hupanda juu ya mgongo wa mtumbwi, atoke majini kadiri awezavyo.

Asiye na jaketi la kuokolea huchukua bidoni tupu ya lita 20, yenye kifuniko kilichokazwa. Hiyo yatosha kumweleza mtu mzima.