Mizigo Mikubwa na Mizigo ya Hatari: Istilahi za Ajira ya Udereva

Mwenye leseni ya daraja E anayetafuta kazi katika yadi za malori za Temeke au Kinondoni aghalabu huambiwa kuwa anatakiwa "dereva mzoefu wa mizigo mikubwa na ya hatari". Maneno hayo hayamwelezi kazi aliyoitiwa. Katika makala haya tunakusudia kuyapambanua.

Tuanze na ukubwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ihusuyo udhibiti wa uzito wa magari imeweka tani 56 kuwa kikomo cha juu cha gari pamoja na shehena yake. Lori la mahindi likipita hapo lina mzigo uliozidi, nalo ni kosa, kwa kuwa magunia yangeweza kugawanywa katika malori mawili. Transfoma ya umeme haikatwi vipande. Huo ni mzigo usiogawanyika, nao husafirishwa kwa kibali maalumu. Tangi tupu la maji laweza kuwa jepesi na bado likazidi upana unaoruhusiwa. Huo tunapendekeza uitwe mzigo uliopita vipimo. Dereva asiyeelezwa ni upi kati ya hiyo mitatu hajui kama ataonyesha kibali kwenye mizani ya Vigwaza, au atajibu kosa la tajiri wake.

Neno "hatari" lina taabu zaidi. Umoja wa Mataifa umezigawa bidhaa za namna hiyo katika makundi 9: petroli imo kundi la 3, sumu zimo kundi la 6, na vitu vya kubabua, mathalani asidi ya betri, kundi la 8. Kinga ya kimoja si kinga ya kingine. Hata majina ya bidhaa hupoteza. Salfa ipitayo bandari ya Dar es Salaam kwenda migodi ya shaba ya Zambia na Kongo, kwa Kiswahili cha zamani ni kiberiti. Dereva wa leo akiambiwa amebeba kiberiti atadhani ni katoni za njiti. (Kwa sadfa, vyote viwili vimo kundi la 4.)

Kuhusu petroli, "kimiminika kinachowaka" ni tafsiri sahihi lakini pungufu, kwani kinachowaka ni mvuke wake, nao husambaa mbali na pale mafuta yalipomwagika. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, Morogoro, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafariki. Hatudai kuwa neno lingewaokoa. Hata hivyo, twaona yafaa kuandika "kimiminika chenye mvuke wa kuwaka", katika hati za dereva na ubavuni mwa tangi.

Yafaa pia kushika neno "kundi" badala ya "daraja" kwa bidhaa hizi. Daraja tumekwisha kulipa leseni, na kabla ya hapo tulilipa mto.