Sajini Leakey wa Colito na Wenzake Watatu

Askari wa zamani waliopitia kambi ya Lugalo, Dar es Salaam, wanafahamu kwamba kambi hiyo hapo awali iliitwa Colito. Jina hilo latokana na mji mdogo wa kusini mwa Ethiopia, ambako tarehe 19 Mei 1941 batalioni ya Tanganyika ya King's African Rifles, jeshi lililojulikana kwa wananchi kama Keya, ilipambana na vifaru vya Waitalia. Hapo ndipo alipouawa Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa nchi jirani ya Kenya.

Leakey alizaliwa tarehe 1 Januari 1913 huko Kiganjo, karibu na Nyeri, mahali ambapo leo pana chuo cha polisi wa Kenya. Baba yake, Gray Leakey, alikuwa mlowezi aliyelima katika nchi ya Wakikuyu. Ukoo huo ndio uliomtoa pia Dakta Louis Leakey, aliyesifika duniani kwa uchimbaji wa Olduvai. Mdogo wake Nigel, Rea, alikuwa afisa wa vifaru katika jeshi la Uingereza, naye alifikia cheo cha meja jenerali.

Siku ile ya Mei kombania mbili zilivuka mto Billate chini ya risasi nyingi. Mara vifaru vya adui, ambavyo havikutazamiwa kuwapo huko, vikatokea porini na kuwashambulia. Leakey alikuwa akisaidia kwa mzinga wa mota. Alipokwisha mabomu yote alisonga mbele, akarukia kifaru kwa nyuma, akafungua mfuniko na kuwapiga waliokuwamo kwa bastola. Dereva peke yake alimwacha hai, akamlazimisha kukipeleka kifaru mahali pa kujificha. Mzinga wa kifaru ulipokataa kulia, aliteremka, akaenda kuviwinda vifaru vingine kwa miguu. Alirukia kifaru kingine, na juu yake akauawa kwa risasi za rashasha.

Novemba 1945 Uingereza ilitangaza kumpa Victoria Cross, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa. Kwa kuwa kaburi lake halijulikani, jina lake limeandikwa katika mnara wa kumbukumbu uliopo Nairobi.

Mauti hayakuishia hapo katika nyumba ile. Oktoba 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, ambavyo chanzo chake kikuu kilikuwa ardhi, Gray Leakey na mkewe waliuawa na wapiganaji. Mwana aliuawa akiitumikia himaya ya Uingereza. Baba akauawa wenye nchi walipoidai ardhi yao kwa himaya hiyo hiyo.

Hata hivyo, habari za Colito hazijakamilika bila jambo moja. Tangazo la nishani lenyewe lakiri kwamba Leakey alipokwenda kwa miguu kuvikabili vifaru hakuwa peke yake. Alifuatana na sajini meja wa kombania, Mwafrika, pamoja na askari wengine wawili. Risasi zilizomkabili yeye ndizo zilizowakabili na wao. Lakini tangazo hilo halikuwataja majina. Kiganjo na ukoo wa Leakey vinajulikana. Vijiji vya watu hao watatu, wazazi na watoto wao, havimo katika tangazo.

Ushujaa wa Leakey haupungui kwa kusema hivyo. Kilichopungua ni haki ya wenzake, nayo haikupunguzwa na adui bali na kalamu ya upande wao wenyewe. Jeshi la kikoloni liliweza kumhesabu askari Mwafrika katika safu na kumsahau katika sifa. Ndiyo maana ilistahili kwamba kambi yenye jina la Colito ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891.

Jeshi la wananchi na polisi wa wananchi hawana budi kushika desturi nyingine. Kila kamanda anapoandika taarifa ya mapambano, au ya doria iliyopatwa na maafa, na aandike jina la kila askari na mahali alikotoka. Mshahara wa askari huisha na sare yake huchakaa. Jina lake likiandikwa sawasawa, hubaki kuwa mali ya watoto wake.