Ndondi za kulipwa: Lakini anayelipa ni nani?

MSOMAJI, kama umewahi kuwapeleka watoto katika Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi, bila shaka umesikia habari za yule mvulana wa Nariokotome. Mifupa yake iligunduliwa mwaka wa 1984 na Kamoya Kimeu, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, na ina umri wa takriban miaka milioni moja na nusu. Mvulana huyo hakuacha barua wala picha. Hata hivyo, wataalamu walipoichunguza mifupa yake walijua kwamba alikuwa angali anakua, na katika taya lake wakaona dalili za jipu mahali jino la utoto lilipokuwa limeng'oka. Maumivu aliyoyapata mtoto huyo yamebaki yameandikwa hadi leo.

Naam, mwili hausahau. Leo tunataka kulizungumza jambo hilo, si kwa ajili ya watu wa kale, bali kwa ajili ya kijana wa Lodwar, Kakuma au hata Kariobangi ambaye ametazama ndondi kwenye televisheni, kisha akawaambia wazazi wake kwamba anataka kupigana ili apate pesa.

Usimcheke kijana huyo. Michezo imewatoa watu Kakuma. Mwaka wa 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi ilipokwenda Olimpiki huko Rio de Janeiro, wanariadha watano kati ya kumi walikuwa wakimbiaji waliotoka katika kambi hiyo. Na mwaka wa 2024 huko Paris, nishani ya kwanza kabisa ya timu ya wakimbizi ililetwa na bondia, Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kameruni anayeishi Uingereza. Aliondoka na shaba, na mwaka uliofuata akaingia ndondi za kulipwa. Kijana aliyeko Kakuma akisikia hayo, ana haki ya kujiuliza: mbona isiwe mimi?

Swali ni zuri. Lakini kabla ya kulijibu, yafaa wewe mzazi, kaka au dada umsaidie kuuliza jingine. Katika ndondi za kulipwa, anayelipa hasa ni nani?

ALIYEMLALAMIKIA REFA

Chukua mfano wa Robert Wangila Napunyi. Wengi mnalikumbuka jina hilo, na wanafunzi ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo yafaa walijue. Mwaka wa 1988 huko Seoul, Korea Kusini, Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welta, akailetea Kenya nishani ya dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Hadi leo hakuna Mkenya mwingine aliyeipata. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Baadaye alikwenda Marekani kupigana kwa malipo. Usiku wa Julai 22, 1994, mjini Las Vegas, alipanda ulingoni kukabiliana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa Joe Cortez aliona kwamba Mkenya huyo ameshazidiwa, akalisimamisha pambano. Wangila hakufurahi. Alilalamika kwamba bado angeweza kuendelea. Muda si mrefu baadaye, akiwa katika chumba cha kubadilishia nguo, alianguka na kupoteza fahamu. Alifariki Julai 24, kabla ya kutimiza miaka 27.

Hebu lipime jambo hilo, msomaji. Mtu ambaye kifo kilikuwa kimeshamkaribia alimlaumu refa aliyejaribu kumwokoa. Si kwamba Wangila alikuwa mjinga, la hasha. Alikuwa bingwa, na moyo uleule uliompa dhahabu ndio uliomwambia aendelee. Bondia ndiye wa mwisho kujua kwamba ameumia, na hiyo ndiyo hatari ya kwanza ya kazi hii.

Wala usidhani kwamba mambo hayo ni ya zamani au ya Marekani pekee. Desemba 2024, jirani zetu wa Tanzania walimpoteza bondia Hassan Mgaya, aliyefariki baada ya kupigana jijini Dar es Salaam.

KINACHOTENDEKA KICHWANI

Wahenga walisema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Lakini wahenga hawakuvaa glavu. Glavu huukinga mkono, na kwa kuwa mkono hauumii, bondia anaweza kukipiga kichwa cha mwenzake mara nyingi zaidi kuliko ambavyo angeweza kwa mkono mtupu.

Ubongo ni kitu laini kinachoelea katika majimaji ndani ya fuvu. Konde la kidevuni hukizungusha kichwa ghafla. Fuvu hugeuka, ubongo huchelewa, na mishipa midogo ya damu iliyo baina yao huvutwa. Ikikatika, damu hujikusanya chini ya fuvu na kuukandamiza ubongo. Damu hiyo yaweza kukusanyika polepole, na ndiyo sababu mtu huweza kuongea, kulalamika na hata kutembea, kisha akaanguka baadaye. Anahitaji kufikishwa haraka kwa daktari anayeweza kulipasua fuvu na kuiondoa damu hiyo.

Sasa fikiria umbali. Kutoka Kakuma hadi hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Lodwar ni takriban kilomita 120. Hospitali ya Rufaa ya Moi iko Eldoret, mamia ya kilomita kuelekea kusini. Wangila aliangukia Las Vegas, mji uliozoea ndondi, na bado hakuokolewa. Pambano linaloandaliwa bila daktari na bila ambulansi kando ya ukumbi ni kamari, na kinachochezewa ni uhai wa mtoto wa mtu.

Hatari ya pili haina kelele. Mwaka wa 1928 daktari mmoja wa Marekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wakitembea na kuongea kama walevi ilhali hawakuwa wamekunywa kitu. Mwaka wa 1973 Profesa Corsellis na wenzake nchini Uingereza walichapisha uchunguzi wa ubongo wa mabondia 15 waliokuwa wamefariki, wakaonyesha jinsi ulivyokuwa umeharibika. Maradhi hayo hayaletwi na konde moja kubwa tu. Huletwa na mamia na maelfu ya makonde madogo, yakiwemo yale ya mazoezini ambako hakuna mashabiki wala malipo. Dalili zake zaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kupigana: kusahau, hasira za ghafla, huzuni, mikono kutetemeka. Na mpaka sasa madaktari hawawezi kuthibitisha kwa uhakika kamili kwamba mtu anayo hadi afariki na ubongo wake uchunguzwe. Yaani mwenyewe hawezi kuisoma hati iliyoandikwa kichwani mwake.

Je, kofia ya kinga haisaidii? Husaidia kupunguza majeraha ya kuchanika usoni, lakini haiuzuii ubongo kutikisika. Aidha, katika ndondi za kulipwa kofia hiyo haivaliwi wakati wa pambano. Ongeza na desturi ya kujinyima maji ili kupunguza uzani kabla ya kupimwa. Bondia aliyekauka maji mwilini huchoka upesi, na aliyechoka hupigwa zaidi.

Macho nayo hayakusalimika. Sugar Ray Leonard, mmoja wa mabingwa wakubwa wa Marekani, alipasuliwa jicho mwaka wa 1982 baada ya utando wa nyuma ya jicho kubanduka.

KITITA NA MAKATO

Tuje sasa kwenye pesa, maana ndizo zinazomvuta kijana. Gazeti likiandika kwamba bondia amepata kitita fulani, wengi hudhani kwamba kitita hicho kimeingia mfukoni mwake. Sivyo.

Tuseme kijana wako amepewa shilingi 100,000 kwa pambano moja. Kwa desturi ya ndondi duniani, meneja anaweza kuchukua hadi thuluthi moja. Hapo zimekwenda kama 33,000. Mkufunzi huchukua asilimia kumi, yaani 10,000. Zimebaki 57,000. Humo kuna chakula cha miezi miwili ya mazoezi, nauli ya kutoka Lodwar hadi Nairobi na kurudi, malazi, vipimo vya daktari, bandeji, viatu, na ushuru wa serikali. Kisha gawanya kinachosalia kwa miezi aliyofanya mazoezi bila kulipwa hata senti, na miezi atakayongojea pambano jingine. Akivunjika mkono, hana mshahara wa mgonjwa. Akistaafu akiwa na miaka 35, hana pensheni.

Hata mamilioni hayamlindi mtu. Mike Tyson alipata zaidi ya dola milioni 300 katika maisha yake ya ndondi, lakini mwaka wa 2003 alikwenda mahakamani kutangaza kwamba amefilisika. Ikiwa Tyson aliyezungukwa na mawakili na wahasibu hakujua pesa zinakokwenda, itakuwaje kwa kijana aliyetia sahihi mkataba ambao hakuusoma? Na itakuwaje kwa mkimbizi ambaye anahitaji kibali hata kusafiri nje ya kambi, ambaye promota anajua kwamba hana pengine pa kwenda? Hapa pia bondia huwa wa mwisho kujua.

BAADA YA KENGELE YA MWISHO

Philip Waruinge alikuwa fundi wa ndondi. Mwaka wa 1968 huko Mexico alipata shaba katika uzani wa unyoya, na juu yake akatunukiwa kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia aliyeonyesha ustadi zaidi katika Olimpiki nzima, akiwapiku waliopata dhahabu. Mwaka wa 1972 huko Munich akapata fedha. Kisha akaenda Japani kupigana kwa malipo, na mwaka wa 1976 akapigania taji la dunia dhidi ya Rigoberto Riasco nchini Panama, akashindwa. Ustadi kama huo ulimpa jina kubwa katika ndondi za ridhaa, lakini taji la dunia hakulipata. Ikiwa Waruinge alilikosa, kijana wako yafaa ajue kwamba mlango huo ni mwembamba.

Conjestina Achieng naye aliitwa Mikono ya Mawe, na katika miaka ya 2000 wasichana wengi wa Kenya walitaka kuwa kama yeye. Katika muongo uliofuata Wakenya walimwona kwenye televisheni akiwa mgonjwa wa akili na mhitaji, akitunzwa na jamaa zake huko Siaya. Si haki kudai kwamba ndondi ndizo zilizomletea maradhi, kwani maradhi ya akili humpata yeyote. Lakini ni haki kuuliza ni kwa nini bingwa aliyeshangiliwa na taifa zima alitegemea michango ya wasamaria wema ili atibiwe. Waliouza tikiti za mapambano yake hawakuwa wamemwekea chochote.

Hata Muhammad Ali, aliyepigana mapambano 61, aligunduliwa kuwa na maradhi ya Parkinson mwaka wa 1984, miaka mitatu tu baada ya kuacha ndondi. Aliishi na mtetemeko huo hadi alipofariki mwaka wa 2016.

MASWALI YA KUULIZA NYUMBANI

Hatusemi kwamba ndondi zipigwe marufuku. Vijana wengi wamepata nidhamu, marafiki na hata kazi jeshini na katika polisi kupitia ndondi za ridhaa, ambazo pambano lake ni la raundi tatu. Na sheria zikikazwa, zinasaidia. Mkorea Duk Koo Kim alipofariki baada ya pambano la Las Vegas mwaka wa 1982, Baraza la Ndondi Duniani, WBC, lilipunguza raundi za mapambano ya ubingwa kutoka 15 hadi 12. Lakini sheria hiyo ilipatikana baada ya mtu kufa. Familia haina haja ya kungoja hivyo.

Kijana wako akija na mkataba mkononi, keti naye mezani muulizane haya:

Kwanza, je, kutakuwa na daktari na ambulansi ukumbini, na hospitali ipi imearifiwa? Kama promota hana jibu, pambano halipo.

Pili, mkataba umesomwa na nani? Mtafuteni wakili, au hata mwalimu anayeaminika, auseme kwa lugha ambayo nyumba nzima inaielewa. Ulizeni meneja atachukua kiasi gani, na kama atachukua kabla au baada ya gharama kutolewa.

Tatu, akianguka au akizimia, atapumzika kwa muda gani? Kichwa kilichopigwa hakifai kurudi mazoezini kwa sababu tu maumivu yameisha. Daktari ndiye wa kutoa ruhusa, si mkufunzi.

Nne, kila kitita kinaacha nini? Michango ya bima ya afya ya SHA ilipwe kwanza, na kitu kiwekwe NSSF, ambako hata asiyeajiriwa anaweza kujiwekea akiba. Ufundi wa kuchomelea vyuma, udereva au masomo ya jioni yaanze sasa, wakati mikono ingali na nguvu.

Tano, na hili ndilo gumu zaidi, ni nani nyumbani atakayemwambia aache? Chagueni mtu huyo mapema, mbele yake, naye akubali. Akianza kusahau majina, akianza kukasirika bila sababu, maneno yakianza kumtatiza mdomoni, yeye mwenyewe atasema kwamba ni uchovu tu. Mama anayemwandalia chai kila asubuhi ataona kabla yake. Siku hiyo asinyamaze kwa kuogopa kuharibu ndoto ya mwanawe, hata akilalamika kama Wangila alivyomlalamikia refa.