Mazoea Hurudi na Msimu

Mwezi wa Oktoba unapoingia, na mikorosho ya Nanganga na ya vijiji vilivyo kandokando ya barabara itokayo Mingoyo kwenda Masasi inapoanza kudondosha matunda yake, harufu ya mabibo yaliyoiva huenea hewani. Na kwa watu wengi wa bonde la Lukuledi, na wa Newala huko juu vilevile, harufu hiyo ni furaha tupu, kwa kuwa ndiyo bishara ya fedha baada ya miezi ya dhiki. Lakini kwa baadhi yao ni mwito wa jambo walilokwisha kulikana kwa viapo. Bibo halihimili kukaa: likianguka leo, kesho limeanza kuoza, basi hukamuliwa, na maji yake yakichacha huwa uraka, na uraka ukipikwa na mvuke wake ukakingwa huwa nipa, ambayo ni kali mno. Mtu ambaye tangu Februari hakutia kileo kinywani, akajihesabu kuwa amekwisha kuwa huru, huonekana ghafula katika baraza lilelile, na wenziwe walewale, akiwa na kata mkononi kana kwamba hajaondoka hapo hata siku moja.

Watu humhukumu mara moja kwamba hana azma, na yeye mwenyewe, kwa kuwa fedheha imemwinamisha, huikubali hukumu hiyo. Naona ni dhuluma, tena dhuluma isiyo na faida. Mtu aliyeacha uraka mwezi wa Machi hakuuacha; uraka ndio uliomwacha, kwani mikorosho haina bibo wakati huo, fedha hakuna, na baraza la wanywaji limevunjika, kila mmoja akipalilia shamba lake. Tendo linalorudiwa mahali palepale, saa ileile, pamoja na watu walewale, na mwishowe likaleta raha japo ndogo, huondoka kidogo kidogo katika sehemu ya ubongo ipimayo na kuchagua, likahamia katika sehemu za ndani zaidi zitendazo bila kushauriwa. William James, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1890 kwamba mazoea hupunguza uangalifu ambao matendo yetu huuhitaji. Na kwa neema hiyo mama huweza kutwanga huku akimsimulia mtoto hadithi, na kwa neema hiyohiyo mkono hufika kwenye kata kabla akili haijaulizwa. Miezi ya kutotenda haiyafuti mafunzo hayo. Huyalaza tu, na harufu, mahali na sura za marafiki huyaamsha.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulipatikana mbali na kwetu. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iliingiwa na hofu kwa habari kwamba askari wake wengi vitani Vietnam wametekwa na heroini, na mtafiti Lee Robins alipowafuatia baada ya kurejea makwao, alikuta kwamba karibu mmoja katika kila watano alikuwa amekuwa mraibu huko vitani, ila katika mwaka wa kwanza wa kurudi nyumbani takriban 5 tu katika kila 100 wa waraibu hao waliurudia uraibu wao. Kambi, hofu, wenzi na wauzaji vyote walikuwa wameviacha nyuma ya bahari. Mkulima wa Nanganga hana bara jingine la kurejea. Mkorosho unaomponza ndio unaomlisha na kumsomeshea watoto.

Kwa hiyo tadbiri yake ni nyingine, na Masasi ina habari ya kale inayofaa kukumbukwa, ingawa haikuhusu mwenendo mbaya. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, walioanzisha kituo chao Masasi mwaka 1876, walijiuliza kwa miaka mingi wafanyeje na jando, na walikuwamo walioona kwamba dawa ni marufuku. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliona vingine: jando liliwapa vijana hirimu, heshima ya utu uzima na mafunzo ya wazee, na mtu akinyang'anywa vitu hivyo bila badali atavifuata kwa siri. Akaliacha jando libaki na msimu wake na wazee wake, akaondoa yale aliyoyaona hayapatani na dini yake, akatia sala na mafundisho mahali pake. Juu ya haki ya mgeni kuchagua kipi kibaki na kipi kiondoke, mimi ningebishana naye. Lakini juu ya hulka za wanadamu alikuwa ameona sawa. Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya Ulumuddin amefundisha jambo lililo jirani na hilo, kwamba hulka njema hupatikana kwa kujikalifisha tendo hata likawa jepesi, na kwamba asiyeweza kuiacha hulka mbaya kwa mkupuo mmoja ahamishwe kwanza kwenye iliyo nafuu.

Basi mnywaji na aulizwe uraka humpa nini. Aghalabu atataja kivuli baada ya kutwa nzima ya kuinama akiokota korosho, na mazungumzo, na kuwa mahali ambapo jina lake linaitwa kwa furaha. Hayo ndiyo ya kutafutiwa badali: bao na kahawa katika baraza jingine, saa ileile ya jioni, pamoja na rafiki mmoja aliyekwisha kuambiwa siri, njia ya kutoka shambani isiyopita penye mitungi, na malipo ya mnada wa korosho yakiingia benki, ada ya shule na bati za nyumba zilipwe siku ileile, kabla fedha haijapata jioni ya kulala mfukoni.

Hadhari moja ni ya lazima. Yule anywaye kila siku kwa miaka, ambaye mikono humtetemeka asubuhi mpaka anywe, asiache ghafula peke yake nyumbani, kwa maana mwili uliozoea kileo ukinyimwa kwa mara moja waweza kuingia degedege na kuweweseka, hata mtu akafa. Huyo na apelekwe hospitali, iwe Ndanda au Mkomaindo, na nduguze wamsindikize bila kumsimanga.

Kwa wengine, jambo kubwa ni kuanza mapema. Phillippa Lally na wenziwe wa London walichapisha mwaka 2010 uchunguzi juu ya watu 96 waliojichagulia kila mmoja tendo jipya dogo la kila siku, ikadhihirika kwamba tendo lilihitaji wastani wa siku 66 hata kuwa jepesi, baadhi wakifika kwa siku 18 na wengine wakikadiriwa hadi 254; tena siku moja ya kusahau haikuharibu kitu kikubwa. Hesabu hiyo ikiletwa Nanganga, anayetaka baraza jipya limshike kabla ya mabibo ya Oktoba hana budi kuanza kukaa hapo mwishoni mwa Julai, mikorosho ikiwa ingali katika maua, na jioni moja ya kuteleza isimfanye akaliacha.